Daktari Wenu Ameniuliza Napendelea Nini

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hospitali,

Yahusu: Daktari wa chumba namba nne kumuuliza mgonjwa maoni yake

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na wasaidizi wako, na natumaini barua hii itakukuta umeketi vizuri. Mimi ninayeiandika nimeketi kadiri ninavyoruhusiwa. Utaelewa mbele ya safari.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Wanafunzi wangu wananiita Simama Hapa, na si kwa kunidhihaki. Ndiyo amri ninayoitoa kuliko nyingine zote. Ni mume wa mke mmoja na baba wa binti mmoja. Sijawahi kumshtaki mtu wala kushtakiwa, na nikimwona mwenye dhamana amekosea huwa nainamisha kichwa nakwenda zangu. Lakini hili la daktari wako wa chumba namba nne, yule binti mwenye miwani anayewaona wagonjwa wa matumbo siku za Jumatano, limenishinda kulimeza. Na mimi, Mheshimiwa, ni mtu ninayemeza mengi.

Kabla ya malalamiko nieleze hali ya tumbo langu, usije ukadhani nimekuja kulalamikia mafua.

Miaka iliyopita utumbo wangu mpana ulijaa vidonda, ukawa unatoa damu, na dawa zote zikagonga mwamba. Madaktari wa hospitali yako wakautoa wote. Sikuulizwa. Niliambiwa, "Unatoka," nikasema, "Utoke." Wakachukua mwisho wa utumbo mwembamba, wakaukunja, wakaushona ukawa mfuko mdogo humo ndani, kisha wakauunganisha na njia ya kawaida ili niendelee kwenda haja kama binadamu wenzangu. Wakati mshono unapona nilitembea na mfuko mwingine wa nje, wa plastiki, umebandikwa tumboni. Baadaye wa nje ukaondolewa, wa ndani ukaanza kazi. Nawashukuru sana. Mfuko ule ulifanya kazi miaka mingi, kimyakimya, kama karani asiyetaka kupandishwa cheo.

Halafu ukavimba. Nikapewa antibiotiki, ukatulia. Nilipomaliza dozi ukavimba tena. Nikapewa nyingine, ukatulia, nikamaliza, ukavimba. Ikawa ndiyo maisha yangu: nikimeza napoa, nikiacha nawaka. Nimeelezwa kwamba uvimbe huu si mgeni tena, ni mpangaji. Tumbo linanisokota, homa inaingia na kutoka bila hodi, na safari za msalani zimezidi hata mtu akija nyumbani kuniulizia, anaelekezwa kule kwanza.

Sasa malalamiko yenyewe.

1. Kwamba niliulizwa.

Jumatano ile niliingia chumba namba nne nikiwa nimejiandaa kuandikiwa dawa. Daktari hakuandika. Aliweka kalamu mezani, akavuta kiti upande wangu, jambo lililonitia wasiwasi mkubwa, kisha akaichukua tena ile kalamu akanichorea tumbo langu. Mchoro haukuwa mbaya, ila tumbo alilichora kwa umbo la birika. Akasema nina njia tatu.

Ya kwanza, niendelee na antibiotiki kwa muda mrefu, dozi ndogo, pengine tukipokezanisha aina hii na ile. Zinanisaidia, hilo tunalijua. Lakini moja imeshaanza kunitia ganzi kwenye vidole vya miguu, na iko siku vijidudu vitazizoea. Ya pili, dawa ya dripu, ambayo inaituliza kinga ya mwili iache kuupiga vita mfuko. Nitapimwa kifua kikuu kwanza, nitakuja kutundikiwa kila baada ya wiki kadhaa, na maambukizi yataweza kunipata kirahisi kuliko zamani. Ya tatu ni kisu: mfuko utolewe, nirudi kwenye ule wa nje, na safari hii uwe wa kudumu.

Nikasema, "Sawa, daktari. Naanza na ipi?"

Akasema, "Hilo ndilo nataka nikuulize wewe. Unapendelea ipi? Katika maisha yako, kitu gani hutaki kukikosa?"

Mheshimiwa, niligeuka nyuma kuangalia kama kuna mtu mwingine ameingia.

Mimi shule nilichaguliwa na baba. Kazi nilichaguliwa na mjomba, aliyekuwa na gari lakini hakuwa na dereva. Mke nilimchagua mwenyewe, ila baadaye niligundua kwamba yeye alikuwa amenichagua kitambo, akawa ananisubiri nifike. Mashati nachaguliwa. Hata timu ya mpira ninayoshangilia niliikuta nyumbani. Leo mtu aliyesomea matumbo mpaka akavaa miwani anamuuliza dereva! Mwanafunzi wangu akiniuliza, "Mwalimu, nikanyage breki au klachi?" simuulizi anapendelea nini. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Hawakusema lolote kuhusu mchagua dripu, lakini naamini walikuwa wanaelekea huko.

2. Kwamba alisema kweli.

Nilipoona amenikazia macho anasubiri jibu, nikajaribu kumsaidia. Nikamuuliza ipi itaniponya. Akajibu, "Sina hakika." Kwa utulivu kabisa, kama mtu anayesema hana chenji.

Akaendelea kueleza. Dripu inawafaa wengi lakini si wote, na ikikataa tutajua baada ya miezi michache. Upasuaji una hakika zaidi ya kuondoa uvimbe wa mfuko, kwa kuwa mfuko wenyewe hautakuwepo, ila ni operesheni kubwa na ukishautoa haurudishwi. Nikamwuliza, "Ungekuwa wewe, daktari?" Akasema, "Mimi si wewe, mzee wangu. Kazi yangu iko hatua chache kutoka chooni. Yako iko barabarani."

Namkumbuka aliyekuwa akikaa chumba hichohicho kabla yake, yule mzee aliyestaafu. Yeye hakuwahi kutamka "sijui" hata siku moja. Nilipomwendea mara ya kwanza kabisa aliniambia nina minyoo, kwa sauti ambayo minyoo yenyewe ingeitikia. Alikosea, ndiyo, lakini nilitoka mle ndani nimetulia kama maji ya mtungini. Huyu amenieleza kweli tupu nikatoka natetemeka. Nakuachia wewe mwenyewe, Mheshimiwa, upime ipi kati ya hizo ni huduma bora kwa mgonjwa.

3. Kwamba swali lake lilifika nyumbani kwangu.

Alinipa ule mchoro wa birika akaniambia, "Nenda ukazungumze na wa nyumbani." Huyu binti hawajui wa nyumbani.

Kaka yangu mkubwa ni fundi wa kuchomelea vyuma. Aliutazama mchoro, akaugeuza juu chini, akasema, "Tangi likivuja mara moja unaziba. Mara ya pili unaziba. Likivuja tena, mdogo wangu, unalitoa." Mama mkwe wangu, ambaye alikuja kunijulia hali akajikuta amekaa, alisema vidonge ni peremende za watu wazima na kisu ni cha jikoni, dawa ni ile inayoingia kwa mshipa, maana unamwona mgonjwa amelala na chupa imening'inia, na kila mtu anajua kwamba kuna matibabu yanaendelea. Binti yangu, anayesomea sheria, alisema tusikimbilie chochote. Baba aendelee na vidonge, kesi iahirishwe mpaka utafiti mpya utoke.

Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi hakuwa na mama mkwe.

Nyumba ikagawanyika. Likawepo Kundi la Vidonge, Kundi la Dripu na Kundi la Kisu. Kaka akaanza kuja jioni kila siku akiwa na vipande vya bomba, kwa ajili ya mifano. Mama mkwe akakataa kumpitishia chumvi. Fundi cherehani wa jirani, ambaye hakuna aliyemwita, alifika na utepe akanipima kiuno akisema yeye ni wa Kundi la Kisu kwa sababu za kitaaluma: mfuko wa nje unadai suruali pana, na ameshapata kitambaa. Shemeji yangu alisikia nusu ya habari, kwamba nina mfuko na una matatizo, akaja kuomba mkopo kabla haujafilisika.

Na kila mmoja wao, baada ya kunieleza, alinigeukia akauliza swali la daktari: "Sasa wewe unapendelea nini?" Mheshimiwa, swali lile linaambukiza kuliko kipindupindu. Hospitali yenye mabango ya kunawa mikono kila ukuta imemruhusu mtu kutoka nalo mlangoni.

4. Kwamba wakati nikisubiriwa kuchagua, kazi yangu imepata sifa isiyo ya kawaida.

Njia zangu za kufundishia sasa zinafuata vyoo. Tunatoka shuleni hadi kituo cha mafuta, kituo cha mafuta hadi posta, posta hadi duka la vifaa vya ujenzi ambalo mwenyewe ni muungwana, kisha tunarudi. Wanafunzi wangu hawajui kwenda moja kwa moja kwa muda mrefu. Kuegesha, hata hivyo, hakuna wa kuwashinda. Wanaegesha popote, upande wowote, kwa pumzi moja.

Kuna mama mmoja mwenye duka la nguo aliyekuwa kwenye somo lake la pili. Tulifika karibu na mzunguko wa barabara kuu, foleni imesimama, na mfuko wangu ukanipiga konde. Nikamwambia, "Simama hapa," nikavuta breki ya mkono, nikamwambia asiguse kitu chochote, nikakimbilia posta. Huku nyuma foleni ikafunguka. Askari wa barabarani akaja dirishani akamwamuru aondoke. Mama akamweleza kwamba yeye bado anajifunza. Askari akasema, "Basi jifunze."

Akaingia kwenye mzunguko. Kuingia nilikuwa nimemfundisha, kutoka bado. Nilipotoka posta nilimkuta anazunguka, mikono miwili kwenye usukani, macho mbele kama mtu anayepigwa picha ya pasi ya kusafiria. Alipopita mbele yangu akapiga kelele, "Mwalimu, natokaje?" Nikamjibu, "Washa indiketa!" Akaenda. Alipozunguka tena akauliza, "Ipi hiyo?" Nikamwambia kijiti cha usukani, cha upande wa mlango. Akaja na vifuta kioo vinafanya kazi juani. Hivyo ndivyo nilivyomaliza somo zima nikiwa nimesimama kando ya barabara, sentensi moja kila mzunguko, na watu wakaacha shughuli zao wakawa wananisaidia kufundisha. Mwisho alitoka salama. Aliegesha miguuni pangu vizuri mno, akazima gari, akalia.

Si huyo tu. Kijana mmoja niliyemfundisha tangu mwanzo alikwenda kufanya mtihani wa leseni na mkaguzi wa polisi pembeni yake. Bila kuambiwa, akaingia kituo cha mafuta, akaegesha mbele ya choo, akawasha taa za tahadhari, akavuta breki ya mkono, akageuza uso dirishani kwa adabu akasema, "Nenda tu mzee, nipo." Mkaguzi akafungua mkanda. Kisha akashuka, akaenda. Aliporudi alimpa leseni.

Mkuu wa shule yetu aliniita ofisini. Alikuwa anacheka, lakini aliacha kucheka kabla sijaketi, na hapo ndipo nilipoogopa. Akasema, "Mzee mwenzangu, yule mama angeweza kugongwa. Chagua dawa, yoyote. La sivyo nitakuweka darasani ukafundishe alama za barabarani ubaoni." Nimefundisha barabarani maisha yangu yote ya kazi. Mtu akikanyaga mafuta kwa mara ya kwanza na gari likatii, uso wake hugeuka wa mtoto, na mimi nipo pale namwona. Ubaoni hakuna uso wa namna hiyo. Lakini hata yeye, utaona, alikataa kuniambia nichague dawa ipi.

5. Kwamba mke wangu amefunguka.

Mke wangu anafundisha darasa la kwanza. Katika vita vyote vya nyumbani hakuwa kwenye kundi lolote. Watu wakibishana yeye aliosha vyombo, na vilivyokuwa safi pia aliviosha. Jumapili moja mchana, kaka amekwenda na bomba zake na mama mkwe amejilaza, nilimfuata jikoni nikamwambia, "Mama, kila mtu ameshasema. Sema na wewe basi nichague, yaishe."

Akakausha mikono. Akasema, "Unajua ni lini nilimaliza kukusimulia jambo?"

Nikasema sijui.

"Hata mimi sijui," akasema. "Naanza kukueleza habari ya shuleni, nikifika katikati unanyanyuka. Ukirudi umesahau, na mimi nimechoka kuanza upya. Siku hizi naimalizia hukuhuku, naongea na kitasa cha mlango wa choo. Kitasa kinajua mambo yangu yote. Wewe hujui kwamba nimepewa ualimu mkuu msaidizi."

Sikujua, Mheshimiwa. Alikuwa amepewa tangu muhula uliopita.

Nikamwuliza kwa hiyo anataka nifanye ipi. Akasema, "Mimi nataka mtu wa kukaa. Akikaa kwa vidonge, sawa. Akikaa kwa dripu, nitampeleka. Na ukiwa unaogopa ule wa nje kwa sababu yangu, acha. Ulipokuwa nao tulikwenda hadi kwa dada yangu kwa basi, kutwa nzima, ukalala usingizi begani kwangu njia yote. Haukuniudhi hata kidogo. Wewe ndiye ulikuwa unavaa koti kwenye joto."

Kisha akasema neno ambalo ndilo hasa limenifanya niandike barua hii. Akasema, "Unataka daktari achague ili mambo yakiharibika uwe na wa kumlaumu."

Ndoa yetu, Mheshimiwa, ilikuwa imekaa miaka yote hii bila neno kama hilo. Lisingetamkwa kama daktari wako angeandika dawa na kunyamaza.

6. Kwamba nililia mbele ya mtumishi wa hospitali.

Jumatano iliyofuata nilirudi chumba namba nne kuomba lile swali liondolewe. Mke wangu alisisitiza kuja. Daktari akampa kiti, akamwuliza yeye anaonaje, na mke wangu akaeleza yote, pamoja na kitasa. Daktari akawa anasikiliza bila kuandika na bila kutazama saa, huku nje foleni inakohoa.

Alipomaliza, daktari akanigeukia. Hakuniuliza napendelea nini. Aliniuliza, "Na wewe, mzee, unaogopa nini?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Badala yake nikasikia nasema kwamba naogopa kulala tena mezani wanifungue. Kwamba mara ile ya kwanza nilipoamka nilijitazama tumbo nikaona si langu. Kwamba naogopa dripu ikikataa nitakuwa nimebakiwa na mlango mmoja tu, na nikibaki na vidonge naogopa siku miguu itakapokuwa haizisikii pedali. Nililia, Mheshimiwa, mbele ya mtu ambaye wakati anazaliwa mimi nilikuwa tayari nina leseni. Akanipa karatasi za kujifutia. Ni zilezile mnazowapa watu baada ya kipimo cha kamera, ile inayoingizwa kwa nyuma, nazo ni ngumu. Hilo pia lipokelewe kama malalamiko.

Akasema hakuna haraka ya leo, nichukue muda nifikirie, na kwamba yoyote nitakayochagua hataniacha njiani. Huko ndiko kunitesa kwa ustaarabu.

Kwa sababu hizo zote, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo:

Kwanza, daktari huyu apewe onyo, na akatazwe kumuuliza mgonjwa swali lolote ambalo jibu lake si "ndiyo", "hapana" au "tangu juzi".

Pili, nihamishiwe kwa daktari wa mtindo wa zamani, mwenye sauti, ambaye ataniambia la kufanya bila kunitazama usoni.

Tatu, akikosekana, iundwe kamati ya wataalamu inichagulie. Ndugu zangu wasiwe wajumbe. Fundi cherehani asiruhusiwe hata kuleta chai.

Nne, kamati ikishindwa kuafikiana, daktari wa chumba namba nne auugue ugonjwa huu yeye mwenyewe kwa muda wa kutosha, apitie vidonge, dripu na kisu kwa zamu, kisha aje anieleze kwa ushahidi ipi inauma kidogo.

Tano, ikiwa hilo litaonekana ni kinyume cha taratibu za ajira, basi mfuko wenyewe uitwe ujieleze. Nimekuwa nikilitafakari jambo hili nikiwa nao peke yetu, na tunakuwa peke yetu mara nyingi. Mwenye malalamiko hasa si mimi, ni mfuko. Kamera yenu imeingia kuutazama tena na tena, mmeupiga picha, mmekata vipande mkavipima, mmeujadili vyumbani kwenu. Lakini hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuuliza mfuko ule unapendelea nini. Ningekuwa mimi nafanyiwa hivyo, na mimi ningevimba.

Nasubiri uamuzi wako kwa heshima na subira, ingawa subira yangu ina muda maalumu na mwendo wa kasi.

Nisalimie muuguzi anayeita majina, ambaye huniita kwa sauti ya chini akijua sitaki kutangazwa. Nisalimie mlinzi wa getini anayeniacha niingize gari la shule hadi karibu na mlango. Nisalimie mama anayesafisha vyoo vya ghorofa ya kwanza. Mwambie anayemsifu ni mtu mwenye uzoefu. Wasalimie wote wa maabara, famasi na jikoni. Mke wangu anakusalimu. Kaka anakusalimu, anasema mabomba ya nyuma ya jengo lenu yanataka kutazamwa. Mama mkwe hakusalimu mpaka atakaposikia ni dripu.

Mimi wako mtiifu katika maumivu,

Mwalimu wa udereva (Simama Hapa),
mgonjwa wa kliniki ya Jumatano.

Nyongeza: Leo asubuhi nilikuja hospitalini kukabidhi barua hii kwa mkono. Kijana wa dirisha la malalamiko aliniomba nimweleze kwa ufupi inahusu nini, maana ni nene. Nikamweleza. Akasema, "Mzee, hilo halihitaji Mkurugenzi," akanishika mkono akanipeleka chumba namba saba.

Humo nikamkuta daktari hasa niliyemwomba kwenye ombi la pili. Mvi, sauti, tai. Hakunitazama usoni. Alifungua faili langu, akalifunga, akasema, "Upasuaji. Tunautoa wote. Jumatatu, uje hujala."

Mheshimiwa, kabla hajamaliza kutamka "hujala" nilikuwa nimesimama. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Samahani, daktari, nani amekwambia nataka upasuaji?" Akasema yeye ndiye daktari. Nikamwambia na mimi ndiye tumbo. Nikamweleza kwamba nimechagua dripu. Nikamweleza na sababu: kwamba mfuko huu umenitumikia vizuri miaka mingi na unastahili kujaribiwa mara moja zaidi, kwamba nakubali kupimwa kifua kikuu, kwamba kila nikiona homa nitakimbilia hospitali, na kwamba dripu ikikataa nitauvaa ule wa nje bila koti, ila siku ya kupasuliwa nitaitaja mimi. Nilizungumza kwa muda mrefu. Yote hayo sikujua kwamba nayajua. Nilipotoka, kijana wa malalamiko alikuwa bado ameshikilia mlango, kinywa wazi.

Nikaenda moja kwa moja chumba namba nne. Natundikiwa chupa ya kwanza mara tu majibu ya kifua yatakapotoka. Naomba sana yule binti asipewe onyo wala asihamishwe, kwa kuwa nina maswali mengine, na yeye ndiye anayejua kuyasubiri.

Barua nimeamua kuikabidhi hivyohivyo, kwa marekebisho madogo tu. Kila palipoandikwa "chumba namba nne" pasomeke "chumba namba saba", na kila palipoandikwa "aliniuliza" pasomeke "hakuniuliza". Hasira zote zibaki kama zilivyo.